Somo la wiki: Vihisi vidogo vya altrasaundi – faida iko kwenye chipu au kwenye kazi ya kupima?

Mfanyabiashara wa vifaa vya viwandani aliyeko Lemara, jijini Arusha, amezungukwa na wateja. Jirani yake ni eneo la viwanda la Themi, ambako Tanelec imekuwa ikiunda transfoma tangu miaka ya 1980. Njiro ipo Shirika la Uhandisi na Usanifu wa Mitambo, TEMDO, lililoundwa mwaka 1980. Katikati kuna karakana, vituo vya mafuta, mashine za nafaka, hoteli zenye boila na nyumba zenye matangi juu ya mnara. Wenye mali hizi wote hukabiliwa na swali la aina moja kila siku: ndani kuna nini? Mafuta yamebaki lita ngapi? Bomba limeliwa na kutu kiasi gani? Maji yaliyopita ni kiasi gani?

Zamani majibu yalipatikana kwa kijiti cha kupimia, kwa nyundo ya kugongea, au kwa kusimamisha mtambo na kuufungua. Siku hizi vimeingia sokoni vihisi vidogo vinavyotumia mawimbi ya altrasaundi, vingine vidogo kuliko punje ya hindi. Mafundi wengi hukiita kifaa hiki "sensa", ingawa hakihusiani kabisa na sensa ya kuhesabu watu. Bei yake inashuka mwaka hadi mwaka, na wauzaji wa ng'ambo wanatafuta mawakala hapa nchini.

Somo la wiki hii linachambua biashara hiyo kwa faida ya mfanyabiashara na mwekezaji mdogo. Swali kuu ni moja: katika mnyororo mzima, kuanzia chipu kiwandani hadi ripoti ya kipimo mezani kwa mteja, fedha inabaki wapi?

KIFAA CHENYEWE

Altrasaundi ni sauti ya mitetemo mingi mno kwa sekunde, kiasi kwamba sikio la binadamu haliisikii. Sikio huishia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Popo hutumia sauti za juu ya hapo kukwepa ukuta gizani, na kihisi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Hutoa mlio mfupi, husubiri mwangwi, kisha huhesabu muda. Ukijua kasi ya sauti katika kitu fulani, muda huo unakuwa umbali.

Kasi hiyo hutofautiana sana. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Katika maji huenda mita 1,480 hivi, na katika chuma cha kawaida mita 5,900 hivi. Msomaji azishike namba hizi tatu, kwa sababu karibu kila kosa la upimaji, na kila hasara inayofuata, huanzia hapo.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani hutoa umeme zikibanwa. Baadaye ikathibitika kwamba ukizipa umeme hutetemeka. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin alitumia jambo hilo kutafuta nyambizi chini ya bahari. Mwaka 1942 Mmarekani Floyd Firestone alipata hataza ya chombo cha kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mwangwi. Tangu wakati huo reli, boila, mabomba na mabawa ya ndege hukaguliwa hivyo bila kukatwa wala kutobolewa.

KWA NINI KIMEKUWA KIDOGO

Kwa miongo mingi kihisi kilikuwa kipande cha fuwele au kauri kilichokatwa na kuunganishwa kimoja kimoja. Kazi hiyo ni ya mikono na bei yake ni kubwa. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1990, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipoonyesha kwamba utando mwembamba sana unaweza kuchongwa juu ya silikoni, malighafi ile ile ya chipu za kompyuta. Utando huo ukipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti. Mwangwi ukirudi na kuugonga, hutoa umeme. Njia nyingine ni kuupaka utando huo tabaka jembamba la mada inayotetemeka kwa umeme.

Maana yake kibiashara ni kubwa. Kitu kinachotengenezwa kama chipu hutengenezwa kwa maelfu kwa mkupuo mmoja. Kampuni ya Chirp Microsystems, iliyonunuliwa na TDK ya Japani mwaka 2018, iliuza kihisi cha hewani chenye upana wa milimita 3.5 tu kila upande, kinachopima umbali hadi mita 1.2. Mwaka 2019 simu ya Samsung Galaxy S10 ilitoka na kisoma alama za vidole cha altrasaundi chini ya kioo, kilichobuniwa na Qualcomm. Aliyeuza au kununua simu hiyo alikwisha kushika kihisi cha aina hii bila kujua.

Simu hiyo hiyo ilitoa funzo. Oktoba 2019 Samsung ilikiri kwamba baadhi ya vifuniko vya silikoni vilivyowekwa juu ya kioo vilikichanganya kihisi, kikasoma michoro ya kifuniko kana kwamba ni kidole cha mwenye simu, na mtu mwingine akaweza kuifungua. Ilibidi programu irekebishwe. Hali ni hiyo hiyo viwandani. Altrasaundi hupima kila kilicho njiani, na rangi, kutu, povu, vumbi na hewa vyote huhesabiwa kama hakuna mtu wa kuvitenga. Mnunuzi anayelipia chipu peke yake hajalipia utaalamu huo.

KAZI YA KWANZA: UNENE WA CHUMA

Huu ndio upimaji wenye historia ndefu zaidi na wateja wa uhakika. Fundi hupaka jeli kidogo juu ya bomba au boila, huweka kichwa cha kihisi, na kusoma unene wa ukuta akiwa nje. Jeli ni ya lazima, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya kichwa na chuma huzuia sauti karibu yote.

Hesabu yake ni hii. Ukuta wa boila ulikuwa na milimita 10 ulipokuwa mpya. Sauti huenda milimita 10 na kurudi 10, jumla 20. Kwa kasi ya mita 5,900 kwa sekunde, safari hiyo huchukua mikrosekunde 3.4. Miaka kadhaa baadaye kipimo kinaonyesha mikrosekunde 2.7. Ukuta sasa ni milimita 8. Milimita mbili zimeliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye kiwanda akijua hilo mapema, hupanga matengenezo katika msimu ambao oda ni chache. Asipojua, boila humpangia yeye.

Wateja wa kazi hii ni viwanda vya nguo, vya vinywaji, vya chakula na hoteli zenye mvuke. Aidha, mabomba ya chuma, matangi ya mafuta ya barabarani na mihimili ya madaraja hupimwa vivyo hivyo. Katika transfoma kuna upimaji wa jamaa yake: hitilafu ndogo za umeme ndani ya mafuta hutoa milio ya altrasaundi, na kihisi kilichobandikwa nje ya tangi kinaweza kuisikia kabla transfoma haijaungua.

KAZI YA PILI: KINA CHA TANGI

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wadogo huanzia, kwa sababu kifaa ni rahisi. Moduli iitwayo HC-SR04, inayofahamika na wanafunzi wa elektroniki duniani kote, hupima umbali wa sentimita 2 hadi mita 4 hivi hewani kwa mitetemo 40,000 kwa sekunde. Ifunge juu ya tangi iangalie chini, nayo itakuambia uso wa maji uko umbali gani.

Hata hivyo, urahisi huo una mtego, na kwa Arusha mtego ni mkubwa kuliko Dar es Salaam. Kasi ya sauti hewani hubadilika na joto, karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai chini ya Meru, hewa ikiwa nyuzi 12, sauti huenda mita 338 kwa sekunde. Mchana wa jua, hewa ya ndani ya tangi ikifika nyuzi 28, huenda mita 348. Tofauti ni karibu asilimia 3.

Chukua tangi la dizeli ambalo kila sentimita moja ya kina ni lita 25, na mafuta yapo mita 2 chini ya kihisi. Kihisi kisichopima joto kikirekebishwa mchana, asubuhi kitaongeza umbali kwa sentimita 5 hadi 6. Skrini itaonyesha kwamba zimepungua karibu lita 140 usiku. Hakuna aliyeiba. Lakini mwenye kampuni atamwita mlinzi, na huenda mlinzi akapoteza kazi kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Kihisi cha viwandani kina kipimajoto ndani yake na hufanya marekebisho hayo chenyewe. Ndiyo sababu mojawapo bei yake huwa mara nyingi ya ile ya moduli, ingawa kwa nje vinafanana.

Kwa matangi ya petroli lipo jambo zito zaidi. Kifaa chochote cha umeme kinachoingia mahali penye mvuke wa petroli lazima kiwe kimethibitishwa kwamba hakiwezi kuwasha moto. Moduli ya mezani haijathibitishwa hivyo, na muuzaji anayeipeleka huko anauza hatari.

Kihisi kinachoangalia chini kutoka juu hufaa pia kwa majitaka, kwa sababu hakigusi uchafu. Lemara inaijua biashara ya majitaka, maana mabwawa ya zamani ya jiji yalikuwa hapo kabla ya mapya kujengwa Terrat. Kwenye mfereji wenye umbo maalumu, kina cha maji hugeuzwa kuwa kiasi kinachopita kwa saa. Povu likitanda juu, kipimo huharibika, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kusafisha na kukagua.

KAZI YA TATU: DIRA ZA MAJI

Soko kubwa kwa idadi ni hili. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wenye thamani ya shilingi bilioni 520 na uliokopeshwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuiwezesha mamlaka ya maji, AUWSA, kuzalisha lita milioni 200 kwa siku kutoka lita milioni 40. Maji yakiongezeka mara tano, kila asilimia moja inayopotea njiani au isiyosomwa na dira inakuwa lita milioni 2 kwa siku badala ya laki 4. Kwa mamlaka yoyote ya maji iliyoongeza uzalishaji, dira inageuka kuwa sehemu ya mapato.

Dira ya kawaida ina gurudumu linalozungushwa na maji. Mchanga hulila, umri huliregeza, nalo likizunguka polepole mteja hulipa pungufu. Maji ya mgao yakikatika na kurudi, hewa iliyomo bombani hulizungusha, na mteja hulipia upepo. Malalamiko haya mawili yanajulikana kila mji.

Dira ya altrasaundi haina gurudumu. Vihisi viwili hutazamana ndani ya bomba. Kimoja hutuma sauti kufuata maji, kingine hutuma dhidi ya maji. Inayofuata maji hufika mapema kidogo. Kidogo kiasi gani? Kama vihisi vimeachana sentimita 7 na maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, tofauti ni sehemu 64 za bilioni moja ya sekunde. Chipu za leo hupima hilo kwa betri inayodumu miaka.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kwa kuwa sauti hupimwa pande zote mbili, kasi ya sauti yenyewe hujifuta katika hesabu. Maji yawe ya moto au ya baridi, matokeo hayayumbi kama yale ya tangi la dizeli. Bomba likijaa hewa, sauti haivuki vizuri, na dira nzuri hutoa ishara badala ya kuhesabu. Hii ndiyo tofauti kati ya kifaa kinachofaa kutoza watu fedha na kifaa kinachofaa kumpa mwenye tangi makadirio.

KAZI YA NNE: PICHA

Vihisi vingi vikipangwa mstari mmoja na kulizwa kwa zamu, cha upande mmoja kikitangulia kidogo, wimbi huinama kuelekea upande wa pili. Kwa kubadilisha zamu hizo, wimbi huzungushwa kama tochi bila kusogeza mkono, na kompyuta hujenga picha ya mshono wa kuchomelea au ya mtoto tumboni.

Afrika Mashariki ina miradi inayohitaji ukaguzi wa namna hii kwa miaka mingi ijayo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kila kipande kimechomelewa kwa kingine. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina chuma ambacho, kama reli zote duniani, huchunguzwa nyufa kwa altrasaundi. Kazi kubwa za ujenzi huchukuliwa na makandarasi wakubwa. Ukaguzi wa baadaye, mwaka baada ya mwaka, ndio unaoweza kuwapa kampuni za nyumbani nafasi.

MAHALI KISIPOFAA

Muuzaji anayejua mipaka ya bidhaa yake huaminiwa zaidi. Altrasaundi hewani haipendi vumbi zito. Katika kihenge cha mahindi wakati wa kujaza, vumbi hunyonya sauti na uso wa nafaka ulioinama huutupa mwangwi pembeni. Kwa vihenge virefu, kama vile vilivyojengwa Babati na kwingineko kwa mkopo wa Poland, vipimo vya rada au vya kamba yenye uzito huwa na uhakika zaidi. Vivyo hivyo kwa chuma cha kusubu chenye chembe kubwa ndani: sauti hutawanyika na picha huwa na ukungu.

SOMO LA HISA

Mwekezaji mdogo akisikia habari za chipu hizi, mara moja huuliza hisa zinauzwa wapi. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL, hakuna kampuni ya vihisi. Anayetaka lazima aangalie nje, na nje kuna mifano mitatu ya kujifunzia.

Wa kwanza ni Butterfly Network ya Marekani. Kampuni hii ilitengeneza mashine ya altrasaundi ya mkononi, yenye vihisi takriban 9,000 juu ya chipu moja, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 na kuuzwa chini ya dola 2,000 wakati mashine za hospitali zilikuwa za makumi ya maelfu. Kifaa kilifanya kazi. Mwaka 2022, kwa ufadhili wa Taasisi ya Gates, ulianza mpango wa kupeleka mashine 1,000 kwa wahudumu wa afya Afrika, 500 kati yake zikiwa za Kenya. Lakini hisa zilizoingia soko la New York Februari 2021, na kuuzwa kwa zaidi ya dola 20 mwezi huo, mwishoni mwa 2023 zilikuwa karibu dola 1. Aliyeweka dola 100 kwa bei ya dola 20 alibaki na dola 5 hivi. Bei ilipanda tena kiasi baadaye, lakini haikumrudishia fedha yake. Bidhaa nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili tofauti.

Wa pili ni Tesla. Oktoba 2022 kampuni hiyo ya magari ilitangaza kuondoa vihisi vya altrasaundi kwenye bampa za magari yake na kutegemea kamera. Uamuzi wa mnunuzi mmoja mkubwa unaweza kufuta oda za maelfu kwa maelfu. Mwenye kutegemea soko la namna moja aukumbuke mfano huu.

Wa tatu haukupigiwa kelele nyingi. Januari 2025 Wabtec, watengenezaji wa vichwa vya treni, walitangaza kununua kitengo cha vyombo vya ukaguzi cha Evident, kilichokuwa zamani sehemu ya Olympus ya Japani, kwa dola bilioni 1.78. Kitengo hicho huuza vyombo vya kutafuta nyufa, kwa altrasaundi na njia nyingine, kwa watu ambao lazima wakague kila mwaka, soko liwe juu au chini. Fedha kubwa na ya kweli ilifuata wateja wanaorudi.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Tuchukue wafanyabiashara wawili kwa mfano wa kujifunzia tu. Msomaji aweke bei zake mwenyewe badala ya hizi.

Wa kwanza anaagiza moduli 200. Anapata faida ya shilingi 3,000 kwa kila moja, jumla 600,000. Mwezi unaofuata mwenzake wa mtaa wa pili anaagiza 500 na kushusha bei. Faida inakuwa shilingi 1,000. Hana kitu cha kumzuia mteja asihame.

Wa pili anatumia shilingi 3,000,000 kununua chombo kimoja cha kupimia unene, pamoja na kipande cha chuma cha kusawazishia. Anatoza 150,000 kwa siku ya kazi. Akitoa 60,000 za usafiri, jeli na msaidizi, inabaki 90,000. Mtaji unarudi baada ya siku 34 za kazi. Akipata siku 3 kwa mwezi, ni chini ya mwaka mmoja. Muhimu zaidi, ana kumbukumbu za vipimo vya mteja. Mwaka wa pili mteja atataka kulinganisha na mwaka wa kwanza, na kumbukumbu hizo ziko kwake.

Hata hivyo, wa pili ana gharama ambayo haionekani kwenye ankara: mafunzo. Wakaguzi wa aina hii hupangwa kwa ngazi tatu chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 9712, na wateja wakubwa hawapokei ripoti isiyo na saini ya mwenye cheti. Shirika la TIRDO la Dar es Salaam hutoa huduma za vipimo visivyoharibu kitu, na ni mahali pazuri pa kuulizia kabla ya kununua chombo. Asiye na mtu mwenye cheti asinunue chombo kwanza. Asomeshe mtu kwanza.

SHERIA NA USHURU

Mambo manne yaangaliwe kabla ya kutuma fedha ng'ambo.

Kwanza, kipimo kinachotumika kumtoza mtu fedha, kama dira ya maji au pampu ya mafuta, kiko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na lazima kihakikiwe na Wakala wa Vipimo, WMA. Kihisi cha mwenye tangi kujiangalizia akiba yake ni jambo jingine. Muuzaji amweleze mteja tofauti hiyo kwa maandishi.

Pili, ukaguzi wa kisheria wa boila na vyombo vya mgandamizo uko chini ya OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mfanyabiashara binafsi anaweza kumsaidia mwenye kiwanda kujua hali ya mtambo katikati ya ukaguzi. Hawezi kuuza ripoti yake kama mbadala wa cheti cha OSHA.

Tatu, mashine za picha za hospitali ni vifaa tiba na husimamiwa na TMDA. Asiyekuwa katika biashara ya dawa na vifaa tiba asidanganyike na ufanano wa chipu.

Nne, msimbo wa forodha. Vyombo vya kupima mtiririko na kina huangukia 90.26, dira za maji 90.28, na vyombo vingi vya ukaguzi 90.31. Viwango vya ushuru havilingani, na juu yake Tanzania Bara hutoza VAT ya asilimia 18. Mpe wakala wa forodha karatasi ya maelezo ya kifaa kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika Namanga.

MAJUMUISHO

Chipu inashuka bei na itaendelea kushuka, kama zilivyoshuka redio na simu. Kinachopanda thamani ni mtu anayejua kwamba baridi ya asubuhi hubadilisha kipimo, kwamba rangi huongeza unene wa uongo, na kwamba povu hufunika mwangwi, tena mwenye cheti na kumbukumbu za kumthibitisha. Mwenye mtaji mdogo Lemara, Themi au Njiro anashauriwa kuanza na kazi moja, hasa unene wa chuma, aifanye vizuri kwa wateja watano, kisha aongeze ya pili.

Maswali ya kujipima kabla ya kuwekeza:

1. Mteja atalipa mara moja au atarudi kila mwaka?
2. Kifaa hiki kinafanya marekebisho ya joto chenyewe?
3. Kipimo kitatumika kumtoza mtu fedha? Kama ndiyo, WMA imekwisha kukihakiki?
4. Nani katika kampuni ana cheti cha kutia saini ripoti?
5. Mwenzako akishusha bei nusu kesho, nini kitamzuia mteja asihame?

Aliyekosa jibu la swali la tano bado anauza chipu tu. Kwa mtaji mdogo, hiyo ndiyo sehemu ya mnyororo yenye ushindani mkali kuliko zote.